Uzoefu wangu: fundi mbao wa Kizota alivyonikagulia kitako cha BSA Meteor

Ukitaka kununua bunduki ya upepo ya zamani hapa Dodoma kwa ajili ya kuihifadhi, ipeleke kwa fundi mbao kabla hujamtafuta fundi chuma. Springi ikichoka inawekwa nyingine na hakuna mkusanyaji atakayelalamika. Mbao ndiyo inayopandisha au kushusha bei. Kitako cha kiwandani, yaani ile sehemu ya mbao inayobeba chuma, kikishapotea, hakirudi tena.

Niliyokuwa naiangalia ni Meteor ya kampuni ya BSA ya Birmingham, Uingereza, ya kuvunja mtutu (unaukunja mtutu ili kuvuta springi), ya milimita 5.5. Muuzaji aliinadi kwa hadithi kwamba iliachwa Kongwa na Mwingereza mmoja wa mradi wa karanga. Mradi ule ulianza 1947 na ukafutwa 1951. Meteor ya kwanza ilitoka 1959. Hadithi ikaanguka hapohapo, kwa hiyo aliposisitiza kwamba kila kipande ni cha kiwandani, nilimwomba twende kwa fundi aifungue tukiwa wote watatu, na gharama nitalipa mimi. Alikubali bila kinyongo. Suala la kibali lilipitia polisi kwanza, na usiruhusu mtu akushawishi kuliruka kwa kuwa eti ni ya upepo tu.

Fundi huyu anatengeneza vitanda na milango, wala hajitangazi kuwa anajua bunduki. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Wenyewe walitumia mbao gani?" Nikamweleza kwamba Meteor ilivalishwa mbao ya bichi, mti wa Ulaya wenye mbao ya rangi hafifu, ikapakwa kahawia ili ifanane na mjozi, mbao ya bunduki za gharama. Akahakikisha springi haijavutwa na hamna risasi ndani, akalegeza skrubu mbili za ubavuni na ile ya kwenye kikinga triga, chuma kikatoka.

Hapo ndipo kazi yake ilipoanza kunifurahisha. Nje hakupoteza muda napo, kwa sababu nje mtu anaweza kupaka anachotaka. Alimulika ndani ya mfereji wa kitako, pale chuma kinapolala, mahali ambapo hakuna anayepiga vanishi, akafuta mafuta ya miaka mingi kwa kitambaa kikavu. Vikaonekana vidoa vidogo vya kahawia vilivyolala kufuata nyuzi, vingi kama ufuta uliomwagwa. Hiyo ndiyo alama ya bichi. "Hii si ya kwetu," alisema. Seremala wa huku akiombwa kuchonga kitako kipya atashika mninga, au mkongo, na mninga yeye anautambua kwa rangi, kwa nyuzi zinazopishana, na kwa harufu yake ukiukwangua kidogo. Kwa hiyo kitako chekundu chenye harufu ya mninga, hata kiwe kizuri namna gani, hakikutoka Birmingham.

Kisha akanionyesha alama za chombo kilichokata. Mfereji wa kiwandani umekatwa kwa mashine, na mikato yake inafuatana kwa kina kilekile mpaka mwisho. Patasi ya mkono huacha vibonde visivyolingana, hasa kwenye kona. Chetu kilikuwa cha mashine. Na kwenye chuma chenyewe kulikuwa na mstari: juu yake rangi ya samawati ambayo chuma cha bunduki hupewa kiwandani imefifia kwa kushikwashikwa, chini yake, palipofunikwa na mbao, imebaki imeiva. Mstari ule ulifuata ukingo wa kitako pande zote mbili. Vitu hivi viwili vimekaa pamoja muda mrefu sana.

Jambo lililonipa wasiwasi ni mwanya kati ya mbao na chuma. Wakusanyaji wa Ulaya huushuku mwanya, na kwao wana haki. Lakini hewa ya Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba ni kavu kupindukia, na mbao iliyokaushwa kwa hali ya hewa ya Uingereza ikifika hapa inaendelea kusinyaa. Fundi alilieleza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia: mbao husinyaa upana, urefu wake karibu haubadiliki. Basi mwanya wa ubavuni unaweza kuletwa na ukame, ila matundu ya skrubu ya mbele na nyuma lazima yaendelee kukutana na chuma. Yakipishana kwa urefu, kitako kilitoka kwenye bunduki nyingine. Alirudisha skrubu zote tatu kwa vidole tu, zikaingia. Kwangu mimi kipimo hicho kinashinda vingine vyote, na wanunuzi wa kanda hii kavu tungekitegemea zaidi ya ushauri wa watu wa nchi za mvua.

Hivyo hadithi ya Kongwa ilikuwa ya uongo, kitako ni cha kweli. Nikanunua, kwa bei isiyo na hadithi ndani yake.

Upungufu wa fundi upo. Mtu fulani zamani aliipaka vanishi ya samani inayong'aa, na fundi alikwishashika msasa ili "aipendezeshe". Nilimzuia. Msasa unakula kona, unashusha mbao chini ya usawa wa chuma, na unaondoa ile rangi ya kiwandani tuliyokuja kuitafuta. Kwake kazi nzuri ni kitu kinachoonekana kipya, na kwa kitanda yuko sahihi kabisa. Tulikubaliana atumie thina kidogo kwenye kitambaa, aanze karibu na kikinga triga, asimame akiona kahawia inatoka. Alifanya kwa uvumilivu mkubwa, na sehemu iliyokuwa inagoma aliiacha kama ilivyo.

Ukaguzi alinitoza shilingi 20,000, kusafisha tukapatana baadaye. Nampa nne kati ya tano. Ukienda, nenda asubuhi kabla mashine za randa hazijaanza kurusha vumbi, beba bisibisi inayoenea vizuri kwenye mfuo wa skrubu, maana zake ni za vitasa vya milango, na suala la msasa limalizeni kabla hajafungua chochote.