Tahadhari za joto la bruda kwenye Grafana: ogopa inayonyamaza kuliko inayolia

Kamwene Iringa, ugonile Tukuyu, na ninyi wa Makambako mnaopigwa na upepo muda huu! Leo ni Grafana, programu ya kuchora grafu za vipimo na kutuma tahadhari; tutashika upande wa tahadhari tu. Kuisimika, Mosquitto ya kupitisha data, InfluxDB ya kuihifadhi, hayo yote yana video zake humu. Aliyekwama arudi huko. Leo kuna kitu kwenye hii programu kinaniudhi, tutakifikia.

Mezani kuna ESP32, kile kibao kidogo cha kompyuta chenye Wi-Fi, na sensa ya joto DS18B20, ile ya waya yenye ncha ya chuma. Sensa, siyo ile ya kuhesabu watu! Rezista ya kilo-omu 4.7 iko kati ya waya wa data na wa umeme. Kazi ni bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, ya wale wa wiki ya kwanza, nyuzi 32 hadi 35. Mwezi wa saba huku kwetu, jiko la mkaa likififia saa nane usiku, wanarundikana kona moja na wa chini wanakosa hewa. Ncha ining'inie sentimita 5 juu ya maranda, usawa wa mgongo wa kifaranga. Ukiiweka juu karibu na dari itakupa joto ambalo hakuna kifaranga analolipata.

Haya, kanuni yenyewe. Ingia Alerting, tengeneza kanuni mpya. Swali A, yaani ombi la data, lichukue joto la dakika 10 zilizopita. Kwenye Reduce chagua Last, yaani usomaji wa mwisho. Kwenye Threshold, yaani ukomo, chagua Is below, andika 30. Ikague kila dakika 1. Pending period, yaani muda wa kungoja kabla tahadhari haijawaka, weka dakika 5.

Hiyo dakika 5 ndiyo naipenda kuliko kitu chochote humu ndani, kwa hiyo nivumilieni. Kwa ajili ya video nimeifanya sensa isome kila sekunde 10. Naitoa kwenye joto, naitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya bomba. Ona mstari unavyoporomoka. Ukaguzi unaofuata, hali inageuka Pending, njano. Simu? Kimya. Naitoa, naifuta, naishika kiganjani, naisogeza kwenye taa... imepanda, imerudi Normal. Hakuna aliyeamshwa. Ndivyo inavyokuwa ukifungua mlango kubadilisha maji. Sasa narudisha kikombeni na naiacha. Tutaruka mbele hapa. Dakika 5 zimetimia, nyekundu! Bado simu haijalia, kwa sababu Grafana inasubiri sekunde 30 ione kama kuna tahadhari nyingine za kutuma pamoja. Haya, hiyo Telegram imelia. Jumlisha: hadi dakika 1 ya ukaguzi, 5 za kungoja, nusu ya kukusanya. Dakika 6 na nusu hivi. Ukiweka sifuri, kila mlango unapofunguliwa simu inapiga kelele, na ndani ya wiki utakuwa umeizima sauti mwenyewe.

Rudi kwenye Threshold, kuna Custom recovery threshold, yaani joto ambalo likifikiwa ndipo tahadhari inazimika. Weka 31.5. Bila hiyo, joto likicheza 29.9, 30.1, 29.8, kanuni nayo inawaka na kuzima, na hesabu ya dakika 5 inaanza upya kila mara.

Sasa kinachoniudhi. Nachomoa umeme wa ESP32. Sensa imekufa. Kama kwenye swali A uliacha saa 6 badala ya dakika 10, Last inaendelea kuchukua usomaji wa mwisho uliopo, nyuzi 33, na kanuni inabaki kijani kwa saa 6. Banda halina umeme, dashibodi inasema salama! Kwa dakika 10 angalau itagundua kwamba data haipo. Hapo kwenye No Data usiache ilivyo, chagua Alerting. Ukiiacha, inazaliwa tahadhari yenye jina lingine, DatasourceNoData, ambayo inaweza isifuate njia uliyoipangia ile ya joto. Itaangukia njia ya msingi, na njia ya msingi ukiisimika mwenyewe ni barua pepe ya mfano, wakati hata kutuma barua pepe kwenyewe kumezimwa. Nani alifikiria hivyo?

Na kompyuta yenye Grafana ikiwa kwenye umeme uleule wa banda, ukikatika vyote vinalala, hakuna wa kukuambia. Tumia laptop ya zamani yenye betri nzima, na intaneti ya simu badala ya ruta.

Jingine ni namba za uongo. Waya ukilegea, maktaba ya DallasTemperature inarudisha -127. Sensa ikisomwa kabla haijamaliza kupima, inatoa 85. Ikipima kwa usahihi wake wa juu kabisa, biti 12, inahitaji milisekunde 750. Zitupe zote mbili ndani ya ESP32 kabla hazijatumwa. Waliochagua Mean badala ya Last, piga hesabu: 33 mara tisa na -127 moja, wastani unakuwa 17. Unakimbilia bandani usiku kumbe ni waya.

Telegram: tengeneza boti kwa BotFather, ile akaunti ya Telegram ya kutengenezea boti, chukua tokeni, yaani ufunguo wa boti, iingize boti kwenye kundi. Namba ya kundi inaanza na alama ya kutoa, wengi mnaiacha ndiyo maana haifiki. Bonyeza Test uone. Na kurudia tahadhari kila baada ya saa 4 ni muda mrefu mno kwa vifaranga, weka dakika 30.

Mnaouliza majukwaa mengine kama ThingsBoard na ThingSpeak: kuweka sharti la kuzima tahadhari ni rahisi ThingsBoard, nakubali. ThingSpeak ya bure inapokea data kila sekunde 15, kwa bruda inatosha kabisa. Mimi bado nabaki Grafana, ni bure ukisimika mwenyewe. Gharama yako ni bando.

Kila wiki punguza ukomo kwa nyuzi 3 hivi, maana vifaranga wanakua na kanuni haijui. Na tengeneza kanuni ya pili ya juu, 37. Wakihema midomo wazi umechelewa.

Bonyeza kengele ya chaneli. Wa Makete ambao mtandao haufiki bandani, video ya LoRa, redio ya kutuma data mbali bila mtandao wa simu, inakuja Jumamosi.