Kozi ya Jumamosi ya usimamizi wa miradi, hapa mjini: nenda, ila somo la fedha ni jepesi

Kozi za usimamizi wa miradi zimejaa Nairobi, na nyingi zinakuandaa kwa mtihani wa PMP, cheti cha kimataifa cha wasimamizi wa miradi. Hii si ya mtihani. Hufanyika Jumamosi kwenye jengo moja karibu na Moi Avenue, ada ni shilingi 12,000, chai ikiwemo. Nilijiandikisha kwa sababu mimi ni katibu wa chama chetu cha akina mama, tuna ploti Ruai na tunataka kujenga nyumba za kupangisha.

Kilichonishika ni zoezi la vyoo. Mwalimu, mama mhandisi aliyestaafu, alitugawa vikundi akatupa vikaratasi vya rangi: mnajenga vyoo vya shule ya msingi huko Kayole, kila kazi na kikaratasi chake, vibandikeni ukutani kwa kufuatana. Watu wakakimbilia msingi, mawe ya Ndarugo, mabati, milango. Ukuta ukajaa. Mwalimu akapita polepole, akigusa kikaratasi kimoja kimoja: "Hii haianzi mpaka nini kiishe?" Alipofika kwenye masinki, kikundi kimoja kikanyamaza. Hakuna aliyeandika ombi la kuunganishiwa maji, wala idhini ya ramani kutoka kaunti, wala kusajili mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kijana mmoja akajitetea, "Mwalimu, hayo si yetu, ni ya kanjo."

"Mwanangu, choo kisicho na maji utamkabidhi nani?"

Baada ya hapo hesabu ya njia kuu ya mradi ilieleweka yenyewe. Ni ule mlolongo wa kazi ambao moja ikichelewa wiki, mradi wote umechelewa wiki. Kampuni ya DuPont huko Marekani ilishiriki kuibuni mwishoni mwa miaka ya 1950. Kibali cha kaunti kimo kwenye mlolongo huo. Rangi ya lango inaweza kungoja.

Mfano wake wa pili ulikuwa jumba la opera la Sydney. Ujenzi ulianza 1959 na mchoro wa paa haujakamilika, nguzo za chini zikaonekana hazitalibeba, ikabidi zijengwe upya. Lilikadiriwa dola milioni 7 za Australia. Lilifunguliwa 1973 likiwa limemeza milioni 102. Nikawaza ploti ninazozijua, fundi anachimba msingi huku wenyewe bado wanabishana kama ni orofa moja au tatu.

Kipindi cha kompyuta kilikimbizwa, sikioni kama hasara kubwa. Fedha ndizo zilizoniudhi. Saa moja tu! Chama hukusanya michango kila mwisho wa mwezi, fundi anataka chake kila Jumamosi, na mwenye duka la simiti hakopeshi. Pita Ruai au Utawala uone kuta zilizofika usawa wa madirisha zikasimama, nyasi zimeota ndani. Hilo lilistahili Jumamosi nzima, na nimewaambia hivyo kwenye fomu yao ya maoni.

Hata hivyo ningelipa tena. Ukienda, beba ramani na bajeti ya mradi wako mwenyewe. Kipindi kikiisha mwalimu hubaki na kuipitia nawe mstari kwa mstari, bila malipo ya ziada.