Uzoefu wangu na Lichess: wanaosalimia, wanaonyamaza na wanaoondoka bila kuaga

Sifa kubwa za Lichess, tovuti na programu ya kucheza sataranji mtandaoni, mmeshazisikia: ni bure kabisa, haina matangazo, ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, na inaendeshwa kwa michango ya watumiaji. Kwa sisi wenye mabando ya kuungaunga, hailambi data kiasi cha kukutia hasira. Mimi nataka kuzungumzia adabu ya humo ndani, maana hilo ndilo lililonishangaza kuliko sataranji yenyewe.

Huku kwetu Tanga, Ngamiani, mchezo wa kibarazani ni drafti. Vifuniko vya soda, ubao uliochorwa kwa mkono, watazamaji wengi kuliko wachezaji. Ukifika unatoa salamu kwa wote, wakubwa unawapa shikamoo zao, unaulizwa za nyumbani, ndipo unangoja zamu. Baada ya hapo vijembe ruksa. Ukiliwa kete mbili kwa mpigo unachambwa mpaka jasho likutoke, na anayekuchamba zaidi ni yule ambaye hata hachezi. Hakuna anayenuna, kwa kuwa salamu ilishatangulia.

Lichess mambo ni kinyume. Unachagua dakika kumi kwa kumi, mpinzani anapatikana papo hapo, na ubao uko mbele yako. Kando kuna sehemu ya maongezi yenye vitufe vya salamu za haraka: HI ya kumsabahi, GL ya kumtakia heri, HF ya kumwambia afurahie mchezo, U2 ya kumrudishia yeye aliyekutakia. Mchezo ukiisha vinakuja vingine: GG kusema mchezo ulikuwa mzuri, WP kumsifu aliyecheza vizuri, TY ya asante, na vya kuagana. Nilichokipenda ni kwamba saa haianzi kukimbia mpaka kila mmoja awe amesogeza kete mara moja, kwa hiyo salamu haikuli muda. Ila usijisahau ukaanza kuuliza habari za watoto, ukichelewa mno mchezo unafutwa.

Mimi hubonyeza HI kila mchezo. Wengi hawajibu. Kwa mtu wa pwani, salamu isiyojibiwa inakaa vibaya moyoni, lakini nimewachunguza hawa watu na nimewasamehe. Mwingine amefunga maongezi kabisa, kuna alama ndogo ya kufanya hivyo na ni haki yake. Mwingine amewasha hali ya Zen, ambayo inaficha maongezi na mambo mengine kibao ili abaki na ubao na saa. Anayecheza mchezo wa dakika moja ndiye kabisa, huyo usimsemeshe. Halafu kuna tatizo letu sisi: unamsalimiaje mtu usiyejua umri wake? Nani atangulize shikamoo hapo? Jina la mtumiaji halina mvi. Nimeishia kuandika "Salama?" kwa wenye bendera za Afrika Mashariki, na mmoja mwenye bendera ya Kenya akanijibu, "Salama sana, karibu uchapwe." Akanichapa kweli. Tulirudiana mpaka isha ikaadhiniwa.

Wenye sataranji yao rasmi nao hili limewatoa jasho. Mwaka 2007 FIDE, shirikisho la dunia, liliweka kanuni kwamba anayekataa kumpa mpinzani mkono, au kumsalimia kwa desturi ya jamii yake, hata baada ya kuombwa na mwamuzi, amepoteza mchezo. Haikupita muda, Januari 2008 huko Wijk aan Zee, Uholanzi, Ivan Cheparinov wa Bulgaria akaugomea mkono wa Mwingereza Nigel Short. Mwamuzi akampa Short ushindi, Cheparinov akakata rufaa, wakaamriwa wacheze. Short akashinda tena, safari hii ubaoni. Kile kipengele cha desturi ya jamii yake ndicho ninachokipenda, kwa maana mtu wa huku akiweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, ameshamaliza.

Basi kimya cha mwanzo nimekizoea. Ambacho sijakizoea ni kuondoka vibaya. Nimemla mtu malkia, mfalme wake yuko uchi, saa yake ina dakika sita. Hasogezi. Hakubali kushindwa. Anakaa tu, mimi na chai yangu tunamtazama. Kitufe cha bendera cha kusalimu amri kipo palepale chini ya kidole chake! Hapa nawapa Lichess maua yao: mpinzani akikatika mtandaoni, baada ya muda mfupi unaruhusiwa kudai ushindi au sare, na mwenye tabia ya kukalia saa makusudi mfumo unamwonya, akiendelea anazuiwa kucheza kwa muda. Kukatika kwenyewe mimi simlaumu mtu haraka. Umeme ukikatika Chumbageni, router inazima bila kuaga mtu.

Kuna na vituko vidogo. Anayeomba sare tena na tena huku anapigwa. Anayeomba arudishiwe hatua kwenye mchezo wa alama, ule unaopandisha au kushusha kiwango chako, kana kwamba tuko kibarazani na mjomba wake (ombi hilo unaweza kulizima kwenye mipangilio, mimi nimeliacha kwa michezo ya kirafiki tu). Na anayeandika GG akiwa anashinda, kabla sijakubali. Wengine wanaona si kitu. Mimi naona aliyeshindwa ndiye wa kusema kwanza, mshindi aitikie. Upande wa ustaarabu, kuna kitufe cha kumwongezea mpinzani sekunde 15. Huwa nakitumia mtu akianza kuhangaika na saa kwenye mchezo mzuri, na hapo ndipo hata walionyamaza tangu mwanzo hushtuka wakaandika TY.

Mpwa wangu yuko darasa la sita naye anacheza. Yeye nimemwekea hali ya watoto, ambayo inazima mawasiliano yote na wageni, kwa hiyo salamu za huko hazimhusu. Kama una mtoto, anza na hilo kabla hujamfundisha farasi anatembeaje. Kwa wakubwa, ushauri wangu ni acheni maongezi wazi, mfunge tu pale mtu anapoanza matusi, na akizidi mripoti kwenye ukurasa wa jina lake. Nyota zangu ni nne na nusu. Hiyo nusu nawadai wachezaji, programu haina deni.