Uzoefu wangu na kozi ya WhatsApp ya maneno ya Kiingereza ya umbo la mtu (niko Kigoma)

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma mjini, nashona vitenge, vingi vinavuka ziwa kutoka Kongo, na wateja wangu wengi ni kina mama wa hapahapa ila wageni nao wapo, wengine wako kwenye mashirika yanayohudumia wakimbizi na wengine wanapita tu wakienda Gombe kuona sokwe. Hao wageni ndo walionifanya nitafute kozi. Kiingereza cha salamu na bei ninacho, nilichokosa ni maneno ya mwili, maana huwezi kumshauri mtu mshono bila kugusa umbo lake, na ukiwa na fat na thin peke yake mfukoni utafukuza wateja.

Kozi iko WhatsApp, mwalimu anaiendesha mwenyewe, unatuma 15,000 kwa mwezi anakuingiza kwenye grupu, jioni inaingia voisi na picha ya maneno, unatunga sentensi zako unarusha, anasahihisha mbele ya wote.

Kilichonivutia kuliko vyote ni namna anavyofundisha. Kuna zile pdf zinazunguka kwenye magrupu, orodha ndefu, thin, slim, skinny, slender, bony, yote yamepangwa mstari mmoja eti maana yake moja, mtu anakariri halafu anaenda kuyamwaga kwa watu. Huyu hapana. Anaanza na Kiswahili chetu, anauliza hivi mwembamba na kimbaumbau ni sawa? Mnene na tipwatipwa je? Baba wa miraba minne utamwita bonge? Grupu zima linajibu hapana bila hata kufikiria, basi anasema na Kiingereza kiko hivyohivyo, kila neno lina mtu wake na lina kusifu au kuponda.

Slim ni sifa, unamwambia mtu anafurahi. Slender nayo ni sifa, ila utaikuta zaidi kwenye maandishi. Skinny ukimwambia mtu mara nyingi unamponda kwamba kakonda kupita kiasi, lakini kwenye nguo haina shida kabisa, jinzi za skinny ni za kubana tu. Bony ni mifupa imetokeza, scrawny ni kukonda kwa kudhoofu, lean ni mwembamba mwenye misuli, hapo mwalimu alitaja vijana wanaovuta nyavu kule Kibirizi na kila mtu akaelewa palepale. Underweight, yaani uzito pungufu, iache hospitali.

Upande wa unene ndo patamu zaidi. Chubby ni ya mtoto mwenye mashavu, plump ni unene wa mviringo, neno laini kuliko fat lakini bado sio la kumwambia mteja usoni. Stout ni mtu mzima aliyejaa, mzito. Stocky ni mfupi aliyejazia mabega na kifua, na burly ndo miraba minne yenyewe, hayo mawili zaidi ni ya wanaume. Curvy ni mwanamke mwenye umbo namba nane. Obese ni ya daktari, Shirika la Afya Duniani linahesabu kwa BMI, yaani uzito wa mtu ukilinganishwa na urefu wake, overweight (uzito uliozidi) inaanzia 25 na obese 30, kwa hiyo hilo sio neno la kutupiana barabarani.

Kuna kitu alikikalia sana na mimi naona alifanya vizuri. Kwetu ukimwambia mama wa Ujiji umenenepa umemwambia amenawiri, maisha yamemkubali, atacheka na wewe. Wazungu wengi ukiwaambia hivyo hata kwa Kiingereza kilichonyooka umewaharibia siku. Kwa hiyo anafundisha kuiongelea nguo badala ya mtu, useme gauni linabana kiunoni, ni tight at the waist, nikuongezee nafasi liwe roomy? Hapo mwili wa mtu haujatajwa na kazi inaenda. Kwangu hiki peke yake kimerudisha hela yangu.

Halafu petite, hili nilikuwa nalisikia kwa wateja. Ni la wanawake, limetoka Kifaransa, ukimwambia mwanaume haliendi. Mtu akilisema kawaida anamaanisha mwanamke mdogo wa umbo, lakini kwenye maduka ya nguo linamaanisha ufupi, kama futi 5 na inchi 4 kushuka chini, unene hauhusiki, kwa hiyo mtu anaweza kuwa petite na plus size, yaani saizi za wanene, kwa pamoja, na fundi asipolijua hili atapunguza upana wakati mteja anataka pindo lipande. Na saizi nazo, 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani, uliza kwanza mteja anatoka wapi.

Sasa ambayo sikuyapenda. Voisi ni ndefu mno na zinakula bando, nyingine zina stori nyingi kabla hajafika kwenye somo. Matamshi anayapitia haraka, lean na thin anazitaja mara moja basi, wakati sisi ambao tunaenda kuyasema kwa mdomo ndo tunahitaji kurudiarudia. Sentensi za kuandika zimesahihishwa vizuri lakini kuongea hakuna kabisa, nimemwandikia aweke hata simu ya pamoja mara moja kwa wiki, ameahidi.

Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa taifa itamsaidia kidogo tu, sarufi hamna. Ila fundi mwenzangu, dada wa mapokezi kwenye loji, muuza mitumba, nesi, jiunge mwezi mmoja uone, na ukiingia mwambie mapema kazi yako ni ipi maana mifano anaitoa kwa kazi za watu waliomo kwenye grupu.