Mashine ndogo ya kukerezea ya Kariakoo: gia za plastiki na jeuri ya muuzaji

"Hiyo ya kuchezea tu, kaka. Nani alikwambia ukereze vyuma?" Ndilo jibu nililopewa dukani Kariakoo nilipoulizia gia ya akiba. Siku ya kuiuza, mashine hiyohiyo ilikuwa ya karakana kabisa!

Na wala sikuwa nakereza chuma. Alumini! Ringi za kujazia nafasi kati ya tundu la rimu ya spoti na habu, kile kitovu rimu inapokaa. Toyota nyingi ndogo pua ya habu ni mili 54.1, na rimu nyingi za spoti zina tundu la 73.1. Rimu ikikaa pembeni hata kidogo, usukani unatetemeka ukishika 80.

Roundi ya alumini ya mili 80, taya za chaki (kile kishikio kinachozungusha kipande) zimegeuzwa. Toboa, panua ndani hadi 54.2, punguza nje hadi 73.0, yote bila kukifungua kipande, maana taya tatu hazirudi palepale. Mafuta ya taa yadondoke muda wote, alumini isigande kwenye ncha ya kisu. Ukingo wa ndani upige mshazari wa mili 1, la sivyo ringi haikai chini kwenye kona ya habu. Hadi hapo mashine tamu, ringi inaingia kwa dole gumba.

Balaa ni kuikata ringi itoke kwenye roundi. Kisu kinang'ata, krrr, chaki imesimama na mota inazunguka. Gia ya plastiki kichwani mwa mashine imenyolewa meno! Reli za kibebea kisu zimetoka kiwandani zinacheza. Kaza skrubu za pembeni, kisu kitokeze kidogo tu, mizunguko isizidi 200 kwa dakika, au malizia na msumeno kisha usawazishe mgongo. Na kuifikia hiyo gia, ufungue kichwa kizima. Takataka. Msinunue.

Ingawa, tusemezane kweli, gia hiyo ni fyuzi. Weka ya chuma uone: kelele, na kisu kikinasa tena inaungua saketi ya mota. Plastiki naisamehe. Kuuza mashine bila gia ya akiba dukani, halafu kumcheka mteja, hapana.

Fundi wa mtaa wa Gerezani alinichongea ya nailoni. Mpelekee iliyokufa ahesabu meno. Ringi zote nne zimetoka safi, usukani umetulia. Haya, nunua, ila gia za akiba ziwe mezani kabla hujatoa hela. Akianza kuguna, duka la pili lipo hatua tatu.