Vitabu vya bure vya Dolly Parton, uzoefu wangu baada ya miaka 3

Wabongo wengi huku Ohio, Marekani, wenye watoto wadogo hawaijui hii, au wameisikia wakadhani utapeli. Hata mimi nilikuwa hivyohivyo, nani akuletee kitabu kila mwezi mpaka mlangoni asikuombe hata namba ya kadi? Kumbe kweli bwana. Unajaza jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na anwani, basi. Cha kwanza kilichukua kama miezi miwili, nilikuwa nshasahau.

Inaitwa Imagination Library, Dolly Parton yule mwimbaji aliianzisha 1995 kwa watoto wa kwao kaunti ya Sevier, Tennessee, maana babake hakujua kusoma wala kuandika. Ohio ipo kaunti zote 88, mtoto anapokea toka anazaliwa hadi anatimiza miaka 5.

Sasa kilichonimaliza mimi ni lile jina. Kitabu kinakuja na jina la mtoto kabisa, mwanangu nilipomwambia "hii barua yako," alilala nacho kifuani, asubuhi kakikunja kona zote. Kesho yake hataki kwenda chekechea bila hicho kitabu, mwalimu akawasomea darasa zima, na tangu hapo kila kikija kipya lazima kipite shule kwanza ndo tupumue.

Ila Kiswahili hamna jamani, ni Kiingereza, na vichache vina Kihispania pembeni. Mimi nikitoka shifti ya usiku Kiingereza chenyewe kinagoma, kwahiyo naangalia picha nahadithia kwa Kiswahili, nikaona aibu nikamuuliza mwalimu kama namchanganya mtoto, akasema endelea hivyohivyo mama, shuleni tutamsomea Kiingereza. Hapo nikapata nguvu. Kwa Kiswahili chenyewe nachukua hadithi za African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, nazo bure, naprinti kazini (msiniseme).

Siku moja usingizi umenibana nikafunua kurasa mbili kwa pamoja, akanishika mkono, "mama, umemruka bata." Ikabidi turudi kwa bata.

Angalizo moja, ukihama badilisha anwani mapema. Mimi nilizembea na kitabu kimoja kikaishia kwa wapangaji wapya.

Mwanangu kabakiza miezi 3 tu atimize 5. Mdogo wake nilimsajili ana wiki mbili, na vyake vikija, kaka mtu ndo anafungua, anampigia bibi yake Tanga video kol, eti anamsomea. Kitabu kichwa chini miguu juu.