Jumba la Sanaa na Ngoma za Makerere: Uzoefu Wangu

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Kampala, na kila ninapopata nafasi huwapeleka wanafunzi wangu Chuo Kikuu cha Makerere kuangalia sanaa. Wengi wanaopita mtaa wa Wandegeya, chini ya mlima wa chuo, huufikiria mlima huo kwa mitihani na mahafali pekee, na jambo hilo hunisikitisha, kwa kuwa sijaona mahali pengine mjini ambapo kijana anaweza kuwa karibu hivyo na watu wanaotengeneza sanaa kwa mikono yao.

Jumba la maonyesho liko kwenye shule ya sanaa inayobeba jina la Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha uchoraji mwaka 1937 katika baraza ya nyumba yake. Shule hiyo ni ya Afrika Mashariki nzima: ndiko alikosoma na kufundisha Gregory Maloba kutoka Kenya, aliyeunda Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, na ndiko walikopitia Sam Ntiro na Elimo Njau kutoka Tanzania. Ninapowaeleza hayo wanafunzi wangu, ambao huiona sanamu ile ya mama anayemwinua mtoto kila waendapo mjini, huanza kuuliza maswali ambayo darasani hayaulizwi.

Kilichotushika zaidi ni kazi zilizofanywa juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho utengenezaji wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Ukisogea karibu utaona rangi yake ya udongo mwekundu, mistari midogo iliyoachwa na nyundo za mbao zenye mifereji, na mishono mahali ambapo gome lilitoboka likazibwa kiraka. Msanii mmoja mwanafunzi alituambia kwamba baada ya gome kubanduliwa, shina hufungwa majani ya mgomba ili mti usife na gome liote tena. Maelezo hayo ya dakika chache yaliwafaa wanafunzi wangu kuliko kibandiko chochote ukutani.

Upande wa muziki na ngoma, ushauri wangu ni kuomba kuhudhuria mazoezi ya mchana kabla ya kufikiria onyesho kubwa la jioni. Tulikaa hatua mbili tu kutoka kwenye amadinda, yaani marimba ya Buganda yenye vibao 12 vilivyolazwa juu ya mashina mawili ya mgomba. Wachezaji wawili huketi wakitazamana na kugonga kwa kupokezana, kila mmoja akijaza nafasi aliyoiacha mwenzake, kisha wa tatu huingia na vibao viwili vya mwisho, vyenye sauti ya juu zaidi. Kwa mwendo wa kawaida sikio haliwezi kutenganisha nani kapiga nini. Mwalimu wao akawaamuru wapunguze kasi, akamnyamazisha mmoja, na ule wimbo tuliodhani ni mmoja ukagawanyika mbele yetu ukawa nyimbo mbili nyepesi ambazo hata mtoto angeziweza. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye kwa kawaida hanyanyui mkono, aliomba apewe magongo ajaribu, na akapewa.

Nataja jambo hilo kwa makusudi, kwa sababu nimewahi kuwapeleka vijana wale wale kwenye tamasha la chuo kingine, ambacho sitakitaja, na hotuba za wageni wa heshima zikala muda wote hadi wacheza larakaraka, ngoma ya Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, waliokuwa wamevaa njuga tangu mchana, wakapewa wimbo mmoja na kuondolewa jukwaani. Nauli na muda wa wanafunzi ni mali. Anayeandaa ratiba ya namna hiyo anawanyima watazamaji kile walichokifuata.

Kwa mwalimu anayetaka kwenda: andika barua mapema kupitia shule, uliza iwapo jumba lina maonyesho wakati huo au linabadilisha kazi, na epuka wiki za mitihani ya chuo. Kundi dogo husikia na kuona vizuri zaidi. Nikiwa na darasa kubwa huligawa.

Ninalolitamani ni Kiswahili zaidi. Katika miaka ya 1960 Makerere ilikuwa na kundi la maigizo lililozunguka vijijini Uganda na hadi Kenya bila kutoza kiingilio, likiigiza kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo. Leo Kiswahili kinafundishwa shuleni kwetu, na tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Ikiwa idara ya sanaa za maonyesho ya Makerere itaandaa igizo moja la Kiswahili kwa siku hiyo, hata la nusu saa na bila mapambo, nitaleta wanafunzi wangu, na walimu wenzangu wa Kiswahili ninaowafahamu wako tayari kuleta wao.